Kitambaa Nilichomvua Jenifer

Jenifer alikuwa mtu wa kubeba. Nalitanguliza hilo kwa sababu baadaye kijiji kizima kilimwita mvivu, na mimi, wifi yake, sikumtetea. Mwaka alioolewa nilimwona kwa macho yangu akishuka kutoka kijijini kwetu mpaka Hedaru na kiroba cha tangawizi kichwani, mikono yote miwili huru, anapiga soga na wenzake kama vile hakubeba kitu. Alikitua, akanywa maji, akapanda tena mlima. Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu Melkizedeki nikamwambia kwamba hapo ameoa.

Kwao ni Shighatini, kule Ugweno, kaskazini ya milima hii, na sisi ni watu wa kusini. Wote tunaitwa Wapare, ila yeye akiongea na baba yake kwenye simu sisi tunaambulia neno moja kati ya matano, na tulimtania sana kwa hilo. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita. Baba ni mzee mwenye miguu mibovu, hasafiri. Kwa hiyo alipoingia kwetu alikuja na begi lake na sauti yake ya kwaya, basi. Wa kumkimbilia hakuwa naye.

Mimi naitwa Sifael. Nashona nguo Hedaru, kibanda changu kinatazama barabara kuu, na mdomo wangu haujawahi kufungwa spidi gavana. Wateja wananivumilia kwa sababu nguo zangu zinakaa. Najua kiuno cha mtu kiko wapi na nyonga ziko wapi, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa kutojua mwili wa mwanamke.

Daudi alizaliwa Machi 2022, kwenye kituo cha afya huko huko mlimani, baada ya uchungu wa siku moja na nusu. Alikuwa na kilo nne na gramu mia tatu, na watu walikuja kumtazama wakicheka kwa furaha. Jenifer alinisimulia baadaye kwamba mtoto alipokuwa anatoka alisikia kitu kikilia mbele, chini kabisa ya tumbo, kama kijiti kibichi kinavyolia kikivunjwa. Hakumwambia mkunga. Ndiye mtoto wake wa kwanza, akadhani kila mwanamke husikia hivyo.

Mama yetu ndiye aliyemkanda. Kwa siku arobaini alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akampaka mafuta ya nyonyo, akamfunga tumbo kwa kipande cha kitambaa cha marekani kama alivyofungwa yeye na mama mkwe wake. Siku ya tatu akaona Jenifer hawezi kuinua mguu mmoja kuingia kwenye beseni. Kisha akakifungua kile kitambaa tumboni, akakishusha chini, akakizungusha kwenye nyonga na kukikaza kwa nguvu, fundo likakaa ubavuni. Jenifer akainua mguu. Mama akasema kwa Chasu, Kipare chetu, kwamba mifupa ya huyu binti haijarudi mahali pake.

Mimi nilipanda wiki hiyo kumwona mzazi, nikalikuta lile fundo mahali nisipolitarajia, nikacheka. Nilimwambia mama kwamba kiuno kiko juu zaidi, hapo anafunga gunia. Hata Jenifer alicheka, akishikilia ukingo wa kitanda. Mama si mtu wa kubishana na watoto waliosoma mpaka kidato cha nne.

Siku arobaini zilipokwisha, kitambaa kikavuliwa na mzazi akatoka nje kama desturi inavyotaka. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Hakuweza kusimama kwa mguu mmoja avae sketi, ilibidi akae. Kujigeuza kitandani kulimtoa machozi. Alisema maumivu yako mbele, kwenye mfupa wa kinena, yanashuka mapajani na kuzunguka mpaka mgongoni, na kwamba akitembea anahisi kama pande mbili za mwili wake hazijuani. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanawake walipotoka kwenda kusafisha ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, alijikaza kisabuni akaenda. Alifika nusu ya njia akaketi chini. Wenzake walimaliza kazi, wakarudi, wakampita pale pale alipokuwa. Maneno yakaanza siku hiyo.

Alirudia kukifunga kile kitambaa kimyakimya, ndani ya nguo, kwa mkono wa mama. Akikifunga aliweza kupika, kufua nguo za mtoto na kwenda kanisani. Asipokifunga hakuweza lolote. Lakini mzigo hakuweza kubeba hata akikifunga, na usiku hakuweza kumkaribia mumewe. Melkizedeki alinieleza hilo kwa kuzungukazunguka, aibu imemjaa, akaishia kusema mke wake hamtaki tena. Nilimwambia awe mvumilivu. Moyoni nilijiuliza kama kweli.

Basi safari za hospitali zikawa zangu. Wanaume wetu mambo ya kizazi hawayasogelei, na mama hajawahi kupenda mjini. Jenifer alikuwa anashuka na gari la abiria mpaka Hedaru, analala kwangu, alfajiri tunapanda basi. Nilijisifu kwa hilo. Nilifunga kibanda, nikabeba mtoto, nikakaa naye kwenye mabenchi. Watu wa Hedaru walisema Sifael ana roho nzuri, nami nikawa nasikia vizuri wakisema.

Safari ya kwanza, tukiwa bado kwenye foleni, nilimkumbuka mama mmoja niliyewahi kumwona kliniki. Muuguzi alimkuta amefungwa tumbo, akamgombeza mbele ya watu wote, akamwambia hizo ni imani za kale na akamfungulia pale pale. Yule mama alilia. Nikamwambia Jenifer kwamba sisi hatutaaibishwa hivyo, wasije wakatuona washamba wa mlimani. Nilimpeleka chooni akavua kile kitambaa, nikakikunja vizuri, nikakitia kwenye mkoba wangu. Akatoka akinishika bega. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila hospitali kwanza tuliuliza choo kiko wapi.

Nani hakumpima? Wa kwanza alisema UTI, akapewa dawa. Wa pili akasema UTI sugu, akaongezewa dawa na sindano. Mahali pengine wakasema ni uchafu kwenye kizazi, ikaja ultrasaundi ikaonyesha kizazi safi. Wakapiga eksirei ya nyonga amelala kitandani, mifupa ikaonekana iko sawa. Bibi mmoja wa tambarare alisema ni chango, akampa mizizi iliyomharisha siku tatu. Mchungaji alimwombea kwa moyo wake wote. Daktari mmoja kijana aliweka kalamu mezani akasema ni mawazo, mwili hauna kitu.

Kuna daktari mmoja tu, mtu mzima mwenye mvi, aliyeuliza swali lenye akili. Aliuliza kama kuna kitu chochote kinachompunguzia maumivu. Jenifer akageuka akanitazama. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu na kitambaa kilikuwa ndani. Nikamjibia mimi, nikasema panado, kidogo. Daktari akaandika panado. Hiyo ilikuwa mwaka 2023, na ile sura ya Jenifer aliyonigeuzia bado naiona ninapokaa kwenye cherehani.

Novemba 2024, baba mkubwa Anold, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, alitoa neno. Krismasi watu wakishapanda nyumbani kutakuwa na kikao. Kama Jenifer ana ugonjwa, jina lake litajwe, ukoo ujue namna ya kumsaidia. Kama hakuna jina, basi akapumzike kwao Shighatini, na mtoto abaki kwa baba yake. Kupumzika ndilo neno wanalolitumia wazee wetu. Kila mtu anaijua maana yake, na hakuna mwanamke ninayemjua aliyepumzishwa akarudi.

Jenifer alinipigia simu mwenyewe. Hakulalamika. Alisema, "Wifi, nitafutie jina. Hata kama ni la ugonjwa unaoua, nitafutie."

Tulikwenda wiki ya kwanza ya Desemba, katika hospitali moja ambayo tulikuwa hatujaifikia, kwa sababu nilisikia wana mtaalamu mpya wa viungo. Tulikaa kwenye korido. Karibu na zamu yetu nikamgusa Jenifer, tukaenda chooni kama kawaida. Tuliporudi, dada mmoja mwenye hijabu ya kijani na koti jeupe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, faili mkononi, anatutazama. Hakutuita kwa jina wala namba. Aliniambia shikamoo, nikaitika marahaba, kisha akamgeukia Jenifer.

"Dada, umeingia chooni unatembea, umetoka unaburuza miguu," alisema. "Humo ndani umefanya nini?"

Jenifer akainamisha kichwa. Mimi nikasema ni kuchoka, tumetoka mbali. Yule dada, ambaye tulikuja kujua anaitwa Husna na kwao ni Kihurio, hakunijibu. Alitupisha ndani, akafunga mlango, akakaa mbele ya Jenifer karibu kabisa, magoti yakakaribiana.

"Mama mkwe wako anakufunga wapi?" akauliza. Nadhani alikwishaona alama, maana blauzi ilikuwa imepanda kidogo pale fundo linapokaa. "Usiogope. Hata mimi nilikandwa."

Jenifer akaweka viganja vyake viwili kwenye nyonga. Nilifungua mkoba, nikakitoa kile kitambaa, nikakiweka mezani. Kilikuwa kimegeuka rangi ya uji na kilinuka mafuta ya nyonyo. Nilisubiri kugombezwa. Husna alikinyoosha kwa mikono miwili, akakizungusha mwenyewe kwenye nyonga za Jenifer, pale pale mama anapofunga, akamwambia atembee mpaka dirishani na kurudi. Akakifungua, akamwambia atembee tena. Nililia wakati huo, kwa sababu miaka yote ile sikuwahi kumtazama akitembea kwa namna zote mbili mfululizo. Nilikuwa namtangulia kutafuta nafasi kwenye benchi.

Husna alimpeleka mwenyewe kwenye chumba cha eksirei na kuwaeleza wamsimamishe. Walimpiga akiwa amesimama kwa mguu wa kulia, halafu kwa mguu wa kushoto, na mimi niliruhusiwa kumshika mkono mpaka dakika ya mwisho. Aliuma midomo mpaka ikatoka damu. Zile picha zilipowekwa kwenye taa hata mimi niliona. Kwenye moja, upande mmoja wa mfupa wa kinena ulikuwa juu ya mwenzake. Kwenye nyingine ulikuwa umeshuka. Katikati pana nafasi ya kuingiza kidole.

Husna alituelezea polepole. Mifupa ya nyonga inakutana mbele, na imeshikwa na kiungo kigumu ambacho mwanamke akijifungua hulegea kidogo kisha kinakaza tena. Cha Jenifer kilikuwa kimeachia siku ile aliyosikia kitu kikilia, na hakikurudi. Akilala mifupa inatulia mahali pake, ndiyo maana ile picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Kilichokuwa kinamwezesha kutembea ni kufungwa, maana kitambaa kilikuwa kinafanya kazi ya kile kiungo. Alisema atamwandikia aende hospitali ya mkoa aonane na bingwa wa mifupa, kwamba huenda akahitaji upasuaji na huenda mazoezi na mkanda vikatosha, na kwamba muda mrefu umepita, kwa hiyo hawezi kumwahidi kwamba maumivu yataisha yote. Mizigo asiibebe tena.

"Aliyekufunga hapa ni nani?" aliuliza mwishoni.

"Mama mkwe."

"Mpe pole na hongera. Na kwa nini hukuwaambia madaktari wote hao kwamba ukifungwa unapata nafuu?"

Nilikaza macho sakafuni. Nilijua jibu linakuja na nilijua nalistahili.

"Niliona aibu," Jenifer akasema. Hakunitaja. Kisha akaomba karatasi. "Dada, naomba uniandikie jina lake. Kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, baba mkubwa asome."

Husna akaandika KUACHANA KWA KIUNGO CHA KINENA, akapiga mhuri.

Kikao kilikaa tarehe ishirini na saba, sebuleni kwa baba mkubwa Anold, watu kumi na mmoja, wengine wametoka Dar na Arusha. Jenifer alikaa kwenye kiti kirefu karibu na mlango, nyonga zimefungwa kitambaa, Daudi amelala miguuni pake kwenye mkeka. Baba mkubwa alivaa miwani akaisoma ile karatasi kwa sauti mara mbili. Picha zikapita mkono kwa mkono, kila mtu akazielekeza dirishani. Melkizedeki alikuwa ameshika ile ya pili kwa muda mrefu kuliko wote.

"Miaka karibu mitatu," akasema. "Hospitali zote hizo. Kwa nini hawakuona?"

Hapo watu wakapata pa kushika. Mmoja akaanza kuwasema madaktari wa siku hizi, mwingine akadakia kwamba hawagusi wagonjwa, wanaandika tu. Ilikuwa rahisi kabisa kwangu kutikisa kichwa pamoja nao. Nilikuwa ndiye shujaa wa mambo haya, baba mkubwa alikuwa amekwisha kunishukuru mwanzoni mwa kikao mbele ya wote. Nilimtazama Jenifer. Alikuwa anamfunika Daudi miguu kwa khanga, na nikajua kwamba yeye hatasema hata akikaa kwetu miaka hamsini.

Nikasimama. "Mimi ndiye niliyewaficha," nilisema. "Kila hospitali nilimvua kitambaa cha mama chooni kabla hajaingia. Daktari mmoja aliuliza kitu gani kinampa nafuu, nikajibu mimi, nikasema panado. Niliona aibu tusionekane washamba. Mkitaka kumlaumu mtu, niko hapa."

Melkizedeki aliiweka picha mapajani. Akasema kwa sauti ya chini, akimtazama mke wake na si mimi, kwamba amemhesabia makosa ambayo hakuyatenda, na kwamba anaomba msamaha mbele ya wazee. Baba mkubwa akavua miwani, akasema neno la kupumzika lisisikike tena katika nyumba hiyo. Ndipo mama, aliyekuwa amekaa pembeni, akaongea.

"Sifael," alisema, "uliniambia nafunga gunia."

Ningependa angenitukana.

Kikao kilipofungwa kwa sala, watu wakatoka nje kula makande. Nilimkuta Jenifer peke yake jikoni, amekaa kwenye kigoda kirefu ambacho Melkizedeki alikuwa amekitafuta mahali. Nilikuwa nimekuja na mkanda niliomshonea, wa kaki nene mara mbili, wenye bitana laini na bizimu mbili za kukazia, kwa vipimo alivyonipa Husna. Niliupima tena juu ya nyonga zake. Ulikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona. Nikiwa nimepiga magoti pale mbele yake, nikamwuliza jambo lililokuwa linaninyima usingizi tangu mwanzo wa mwezi. Kwa nini hakunikatalia? Ule mwili ni wake, na nafuu alikuwa anaijua yeye. Angeniambia mara moja tu kwamba hakivui.

Alifikiri kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wifi," alisema, "kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa ananisindikiza. Ningekukatalia, ningekwenda na nani?"

Nilifunga bizimu ya pili, nikasimama. Ndoo ilikuwa tupu karibu na mlango, na yeye alikuwa anaitazama kwa mazoea. Niliichukua, nikashuka nayo kisimani kumtekea maji.